Sarafu ya Paka Asiye na Mkia

Shemeji yangu alinivunja kidole cha kati cha mkono wa kulia kwa sababu ya paka. Si paka wa kukamata panya. Ni paka wa kwenye sarafu, amekaa, anatazama pembeni, na hana mkia. Kidole kilipona vibaya, kimepinda kuelekea kwa mwenzake, na hata leo nikimsuka binti yangu kinanikwamisha. Mimi nami nilimpiga shemeji na pasi ya mkaa ikiwa na moto wake ndani. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanihurumia kabla hajanijua.

Sarafu yenyewe ninayo. Ni kubwa, inakaribia upana wa kikombe kidogo cha kahawa, ya fedha tupu, nzito kuliko inavyoonekana. Upande mmoja kuna kichwa cha malkia wa watu, upande wa pili yule paka. Haikutengenezwa kwa ajili ya soko. Ukiipeleka dukani Kyela mjini hupewi hata kiberiti. Kuna watu huko duniani wanaokusanya sarafu za namna hii, kila mwaka paka wa aina yake, nao wanazifungia kwenye vikasha vya plastiki wasiziguse kwa vidole. Hii yangu imeguswa sana. Ilikuwa na kikasha chake na karatasi ya kuithibitisha. Karatasi ililiwa na mchwa, na kikasha kilivunjika siku ile ninayotaka kuisimulia.

Niliolewa Ndandalo nikitokea Kasumulu. Sisi wa mpakani tumelelewa juu juu. Mama yangu aliuza vitenge, nusu ya ndugu zetu wako Karonga, na nyumba yetu moja ilikuwa na Mwislamu, mwimba kwaya na mlevi, wote wanakula sahani moja. Mambo ya mila tuliyasikia kwa wenzetu. Kwa mume wangu nikakuta wakulima wa kakao na mpunga, watu wa kanisani kila Jumapili, na bado wameshika ule mwiko wa zamani wa Wanyakyusa, kwamba mkamwana na baba mkwe hawaonani. Humtazami usoni. Huzungumzi naye. Hukanyagi nyumba yake wala hupokei kitu mkononi mwake, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia kwenye migomba ukampa mgongo mpaka apite. Wenyewe wanaita ukutila, na si ugomvi, ni heshima. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza. Ile haikulegeza hata uzi mmoja.

Mwanzoni nilicheka. Nilimwuliza mume wangu, "Kwa hiyo baba yako ni jini?" Yeye hakucheka.

Miaka kumi na moja nilimjua mkwe wangu kwa masikio. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na uwanja wa kuanikia kakao. Nilikijua kikohozi chake, na mlio wa baiskeli yake ikiegeshwa ukutani, na nilikijua kipigo chake. Maana mkwe wangu alikuwa mtu wa kupiga. Alipiga ng'ombe, alipiga mbwa, alimpiga marehemu mama mkwe mpaka mwaka aliokufa, na aliwapiga watoto wake wa kiume wakiwa wanaume wenye ndevu. Niko zangu nyuma ya nyumba napepeta mchele, nasikia kinaanza. Fimbo ina mlio wake, mnyororo wa baiskeli una wake, na kofi la kiganja wazi lina wake. Nilijifunza kuvitofautisha bila kutaka. Nikapata picha ya mtu mkubwa, mweusi tii, mwenye mabega ya kubeba magunia mawili.

Mume wangu ni kitinda mimba. Alikimbilia udereva wa malori, Lilongwe na kurudi, na sikumlaumu. Aliyebaki nyumbani ni kaka yake mkubwa, huyo shemeji yangu, pande la mtu lisilo na jino moja la mbele. Mkewe alishamkimbia, kwa sababu naye alirithi mkono wa baba yake. Dada zao wameolewa mbali. Kwa hiyo pale uwanjani mwanamke nilikuwa mimi peke yangu.

Habari ya jino niliipata kwa mume wangu. Zamani, wakati wao ni wadogo, baba yao alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kizungu aliyekuja ziwani kuchunguza samaki. Mama yule alitoka kwenye kisiwa ambako paka wengi huzaliwa bila mkia, na alikuja na wake. Akienda majini na mtumbwi wa injini, paka anabaki na mpishi. Basi mtu yule aliyekuwa akimtandika mwanawe kwa kumwaga maji ya kunawa, alikuwa akimchemshia paka samaki aina ya mbasa, anamtoa miiba kwa vidole, anampulizia apoe. Watoto walikula vichwa. Siku moja shemeji yangu, hajafika hata miaka kumi na miwili, alimpiga paka teke. Baba yake akamgeuza kwa kofi moja, jino likabaki mchangani. Mzungu alipoondoka alimwachia mpishi wake sarafu hiyo ya fedha, yenye paka wa aina ile ile. Mkwe wangu aliitia chini ya godoro. Sikukuu ya Krismasi aliitoa, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha watoto wakiwa wamesimama mbali, akairudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuishika.

Kiharusi kilimpata mwanzoni mwa masika. Alianguka kakaoni, kisu cha kupasulia matunda mkononi. Walipomleta nyumbani upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Hospitali walikaa naye siku tisa wakasema mrudisheni, mumlishe, mumgeuze. Nani amlishe? Mimi nina mwiko. Dada zao walikuja, wakalia, wakaondoka. Mvua zikapasua barabara. Akabaki na mwanawe mkubwa.

Siku ya pili niko jikoni kwangu nikasikia kofi. Nikasimama na mwiko wa ugali hewani. Lilikuwa ni kofi la nyumba ile ile, la kiganja wazi, ila safari hii limetoka upande mwingine. Halafu sauti ya shemeji: "Meza! Nimesema meza!" Halafu la pili.

Nitasema kweli, siku ile nilifurahi. Nikajisemea malipo ni hapa hapa duniani, mbinguni ni hesabu tu. Nikaendelea kusonga ugali wangu. Kesho yake likalia tena, na kijiko kikadondoka sakafuni. Siku iliyofuata nikasikia mzee analia. Sikuwa nimewahi kusikia mlio ule kutoka kwake, na ulikuwa mlio mdogo, wa mtu anayejificha. Furaha yangu yote ikaniishia. Nikajiona mchafu.

Shemeji alipokwenda shambani nilipika uji wa mchele, nikauweka kwenye bakuli, nikavuka uwanja. Mlangoni nikasimama, nikageuka, nikampa mgongo. Nikasema kwa sauti, "Tata, nisamehe. Naingia." Nikaingia kinyumenyume, bakuli mbele yangu, nikipapasa kwa visigino, nikagonga stuli, nikagonga ndoo, uji ukanimwagikia mkononi. Kama angekuwapo mtu wa kuniona angedhani nimepandwa na pepo. Nyuma yangu mzee akawa anagonga kitanda kwa mkono mzima. Ngo, ngo, ngo. Nikasimama. Akaniita, "Mwanangu." Mdomo ulikuwa umepinda, lakini hilo nililielewa.

Nikageuka, na ndipo nilipomwona mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu mdogo! Masikio makubwa, shingo nyembamba, na alama ya vidole vinne shavuni. Nilitaka kumwuliza yule mwingine yuko wapi.

Akaingiza mkono wa kushoto chini ya godoro, akahangaika, akatoa kikasha. Nikajua kitu gani anataka kufanya, kwa sababu hilo nililisikia: mwiko ule hufunguliwa kwa zawadi. Baba mkwe akimpa mkamwana kitu mkononi, umekwisha, amekuwa binti yake. Lakini mkono wa kushoto kwetu hautoi zawadi. Ukimpa mtu kitu kwa kushoto umemtukana. Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Akakiweka kikasha juu ya kiganja cha kulia, kile kilichokufa. Akavikunja vidole kimoja kimoja. Halafu akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua kidogo kidogo huku jasho linamtoka, akanisogezea. Nikapiga magoti, nikapokea kwa mikono miwili. Akasema, neno moja moja, "Paka wa nyumba haingwa," yaani hafukuzwi. Nikamjibu, "Ndaga fijo, tata," asante sana, baba, nikalia mpaka uji ukapoa.

Kosa langu lilikuwa hapo. Mtu aliyezaliwa kwenye mila angejua kwamba zawadi ile hutolewa mbele ya shahidi wa ukoo, na kuku anachinjwa, na shangazi wa mume ndiye anayesema mwiko umefunguliwa. Mimi wa Kasumulu nilijua zawadi tu. Na shangazi mwenyewe, dada yake mzee, alikuwa Katumba Songwe, mto umekatiza njia, miguu yake imechoka. Nilimweleza mume wangu, akasema vizuri, akawasha lori lake.

Nilimhudumia wiki saba. Shemeji tangu siku ile hakukanyaga tena chumbani kwa baba yake, nami nikadhani ni uvivu. Usidhani mzee alikuwa malaika. Mkono wa kushoto ulijifunza kupiga haraka sana. Siku moja alinirushia kikombe kikanipasua nyusi, damu ikanidondokea kwenye shuka nililotoka kulifua. Nikamwambia, "Tata, ukirusha tena nitakulisha kwa upande huo uliopinda, uone uji unavyoshuka shingoni." Akanitazama, halafu akacheka mpaka akapaliwa. Kuanzia hapo tulielewana. Sarafu na kikasha chake niliifunga kwenye pindo la khanga, na kila nikiingia aliniuliza kwa jicho kama ninayo, nami nampapasia pindo.

Alikufa asubuhi, mvua imekatika, jua linaangaza kakao. Shemeji akatoka kwenda kuita watu. Mimi sikungoja mtu. Nilimwosha mkwe wangu, nikamnyoa, nikamfunga kidevu kwa kitambaa. Nikawasha pasi ya mkaa nikaanza kunyoosha suti yake ya kanisani juu ya meza, humo humo chumbani.

Ndivyo walivyonikuta. Shangazi ndiye aliyetangulia, kapandishwa pikipiki, ana fimbo yake, na nyuma yake wanawake watano wanalia. Kilio kikakatika. "Mwe bandu! Enyi watu!" shangazi akapiga ukelele. "Mkamwana yuko na mwili wa baba! Amemwosha! Amemwona uchi!" Wanawake wakajifunika nyuso kwa khanga. Mmoja alikimbia nje akigonga mlango. Nikasema, "Shangazi, shikamoo. Mimi nilifunguliwa. Yeye mwenyewe alinifungua." Nikafungua pindo, nikatoa kikasha, nikakiinua wakione.

Shemeji aliingia wakati huo. Aliangalia mkononi mwangu tu, maiti hakuiangalia. "Lete," akasema. "Sileti," nikasema, "ni yangu." Akaniita mwizi. Akaniita mwizi na mchawi, kwa pumzi moja, mbele ya baba yake aliyefungwa kidevu. Akanikamata kifundo cha mkono. Kikasha kilidondoka kikapasuka, sarafu ikaviringika, tukaidakia sote wawili, mimi nikaiwahi nikafumba ngumi. Akanisukuma ukutani. Kichwa changu kiligonga mara mbili. Akaanza kunifungua vidole kimoja kimoja, cha kwanza, cha pili, na cha kati kilipokataa akakigeuza nyuma. Nilisikia kikilia kama kijiti cha kuchokolea moto. Sikufungua. Mkono wangu wa kushoto ukapata mpini wa pasi.

Nilimpiga shavuni. Pasi ikafunguka, makaa yakamwagika juu yake, juu yangu, sakafuni, nywele zake zikanuka. Alipiga kelele ambayo sitaisahau, na mimi nikainua pasi tupu nimpige tena. Ningempiga. Nasema ningempiga mpaka angenyamaza, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa, hauna hofu wala dhambi. Wanawake wakatumwagia maji ya kuoshea maiti. Shangazi akaingia katikati na fimbo, akanipiga mimi mgongoni, akampiga yeye kichwani, akatupiga tena kwa zamu, bibi wa miaka themanini, huku akilia, "Ndugu yangu hajapoa! Ndugu yangu hajapoa!"

Kabla ya saa sita ukoo ulikaa chini ya turubai la msiba. Kwaya iliambiwa inyamaze. Nilikaa chini kwenye jamvi, kidole kimefungwa na kijiti na kitambaa, kimevimba. Shemeji alikaa upande wa wanaume, khanga mbichi imefunika nusu ya uso. Mume wangu nilimpata kwa simu. Lori lilikuwa limeharibika upande wa Malawi. Akaniambia, "Mke wangu, mpe tu hiyo sarafu, tusigombane msibani." Nilimkatia simu. Kuna siku mwanamume unamzalia watoto wawili na bado hujui umeolewa na nini.

Shangazi ndiye aliyeuliza, maana hilo ni neno la shangazi. Nilisimulia yote. Wakasikiliza wakitazama chini. Kisha akauliza, "Shahidi ni nani?"

"Hakuna, shangazi. Tulikuwa wawili."

"Kuku alichinjwa lini?"

"Hakuchinjwa."

Mzee mmoja akasema basi ndiyo maana mgonjwa hakupona, mkamwana amemfunua baba mkwe mchana kweupe, nani angepona. Watu wakaguna kukubali. Niliona nyuso zao zikifunga moja baada ya nyingine.

"Alikupa kwa mkono upi?" shangazi akauliza.

"Wa kulia."

Wakacheka. Msibani, maiti iko ndani, walicheka. Yule mzee akasema, "Mkono wa kulia ulikufa kabla ya mwenyewe, binti. Hata uongo unataka akili." Nikaanza kueleza, kwamba aliunyanyua kwa kushoto, kwamba alikunja vidole, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa. Nikaanza kupiga kelele. Nikawatukana. Haikusaidia kitu.

Shangazi alingoja nimalize. Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema sarafu itarudi kwenye ukoo. Akasema mimi nitaondoka kabla ya jeneza kutoka, nirudi kwetu Kasumulu, mume akirudi ataamua la kwake. Na watoto wanabaki. Watoto ni wa ukoo.

Binti zangu walikuwa kwa jirani, nilisikia wakicheza rede. Mmoja ana miaka tisa, mwingine sita. Nimepigwa mara nyingi maishani, sikuwahi kuogopa. Pale niliogopa mpaka mkojo ukanitoka kidogo, nasema bila aibu. Nilijua nikisimama niondoke nitaua mtu, na nisiposimama watanibeba. Niliikamata ile sarafu ndani ya ngumi iliyovunjika nikamtazama shangazi.

"Alikunja vidole kwanza," mtu akasema.

Alikuwa shemeji. Hakusimama. Alisema akitazama miguu yake.

"Alikunja vidole kwanza, kidole gumba kikawa kinatoka, akakirudisha. Ndipo akaunyanyua. Mara ya kwanza ulimwanguka. Akaunyanyua tena."

Hilo la kuanguka sikuwa nimelisema. Nilikuwa nimelisahau mimi mwenyewe.

Shangazi akamwuliza ameyajua wapi. Akasema alirudi kuchukua panga siku ile, akawa dirishani. Aliona yote, tangu nilipoingia kinyumenyume.

"Na ukamvunja mwenzako kidole!" shangazi akasema. "Ukamwita mchawi! Wiki saba umekaa na ushahidi tumboni!"

Akaiondoa khanga usoni. Shavu lilikuwa limechubuka lote, malengelenge mpaka sikioni. "Mkono ule," akasema, "mimi nina miaka arobaini na sita. Mkono ule nimeujua kwa kitu kimoja tu. Jino hili ni ule. Mbavu hizi ni ule. Haukuwahi kunipa hata ndizi. Halafu umekufa, shangazi, umekufa kabisa, na yeye anaubeba kwa mwenzake, anatoka jasho, ili ampe mtu wa juzi. Ampe paka." Akataka kuendelea, sauti ikamkatika, akalia kwa kelele na makamasi mbele ya ukoo mzima, mtu mkubwa vile. Hakuna aliyemgusa.

Shangazi akatuma kuku aletwe. Akachinjwa pale pale kando ya turubai, damu ikaingia kwenye majani ya migomba. Akaniambia nimpe sarafu, akaishika, akanirudishia yeye mwenyewe. Nilinyoosha mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukufunguka, nikasita. Akasema, "Pokea kwa huo huo. Leo hakuna mkono mzima katika nyumba hii." Kisha akatangaza kwa Kinyakyusa, mara tatu, kwamba mimi ni binti wa marehemu. Nikapelekwa ndani kukaa kichwani pake, mahali pa binti, na binti zangu wakaletwa wakakaa miguuni pangu.

Tulimzika saa kumi. Sikumsamehe shemeji yangu. Watu wanapenda niseme nilimsamehe, na mchungaji alishakuja mara mbili kwa kazi hiyo. Kila kidole kikiuma wakati wa mvua namtukana kimoyomoyo, naye shavu lake likimwasha najua ananitukana. Tunaishi uwanja mmoja.

Jioni ile watu walipokwenda kula, nilikaa kwenye ukingo wa sakafu ya kakao kupumzisha mkono. Akaja akakaa hatua tatu kutoka kwangu, harufu ya nywele zilizoungua bado anayo. Nikatafuta jiwe kwa macho, kwa usalama. Hakusema pole. Alichezea kucha, halafu akauliza, bila kunitazama, "Shemeji. Ule mkono. Ulipoushika, ulikuwa wa moto au wa baridi?"

Nikamtazama. Miaka arobaini na sita, na alikuwa ananiuliza mimi.

Mkono ulikuwa wa baridi, mzito, umelegea. Nikamwambia ulikuwa wa moto.